Maneno Niliyoyapunguza Makali

Juzi mmoja wenu alikuja kunipima presha hapa nyumbani kwangu Makorora, Tanga. Binti mzuri, sare yake imepigwa pasi, ameniamkia kwa adabu, nami nikaitikia. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akatazama mashine yake, kisha akatabasamu.

"Iko juu kidogo tu, bibi."

"Nionyeshe," nikamwambia.

Akasita. Nikamwambia tena, "Mjukuu wangu, nilikuwa nikipima watu kabla mama yako hajazaliwa. Igeuze niione mwenyewe."

Akaigeuza. Haikuwa kidogo.

Sikumgombeza. Nilimpa chai na maandazi, akaenda zake. Lakini siku ile yote nilikaa barazani nikimkumbuka Sista Elna, nikaona afadhali niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi hii ya uuguzi, kabla sijasahau au sijaondoka. Dawa zenu za sasa sizijui hata majina, kwa hiyo msitarajie niwafundishe dawa. Nina jambo moja tu la kuwaambia, na njia ya kulifikia itapita jikoni na kisimani. Nivumilieni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Misheni ilikuwa na zahanati ndogo kwenye kijiji kimoja kusini ya Kigombe, kando ya barabara ya Pangani. Upande wa juu yalikuwa mashamba ya mkonge, na kambi za vibarua waliotoka bara, wengi wao Wakristo. Upande wa bahari kilikuwa kijiji chenyewe, Waislamu tangu mababu, wavuvi, wakwezi wa minazi na wachoma chokaa. Sisi tulikuwa katikati: vyumba vitatu, baraza, na paa la bati lililokuwa likiunguruma mvua ikinyesha hata usisikie mapigo ya moyo ya mgonjwa.

Mimi ni Msambaa, Mlutheri, nimefunzwa uuguzi hospitali ya misheni kule milimani. Nilipoteremshwa pwani nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na sikupapenda. Joto lilinichosha. Harufu ya papa mkavu ilinifukuza mezani. Kiswahili changu kiliwachekesha wanawake kisimani, wakawa wananirudishia maneno yangu kwa lafudhi ya kwetu wakidhani siwasikii. Kwa hiyo Sista Elna alipokuja nilifurahi kwa sababu mbaya: nilipata mtu mgeni kuliko mimi.

Alikuja kwa lori la kuchukulia mbata, zile nazi zilizokaushwa, amekaa mbele na dereva, sanduku lake miguuni. Mwanamke mrefu, nywele rangi ya kutu, ametoka nchi za baridi kaskazini ya Ulaya kwa kujitolea, kwa ajili ya imani yake. Alikuwa muuguzi na mkunga aliyesomea hasa. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuazima, lakini tulielewana. Na alikuwa amevaa soksi za sufu mpaka magotini.

Zile soksi! Kwao muuguzi hawezi kusimama mbele ya mgonjwa miguu wazi. Akazivaa wiki tatu. Nilimwambia, hakusikia. Alianza kujikuna huku akifunga vidonda, akijikuna kwa kisigino cha kiatu akidhani hatumwoni. Mwisho alikuja mkunga wa kijijini, Bi Mwanakombo, mama wa makamo mwenye sauti nzito, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya kijiji. Alikuja kututazama tu, kama mtu anavyokwenda kumtazama jirani aliyehamia. Akamkalisha Sista kwenye kiti, akapiga magoti, akazivuta zile soksi moja baada ya nyingine bila kuomba ruhusa. Miguu ilikuwa myekundu, harara tupu.

"Mwambie," akaniambia, "miguu hii ni ya kuvaa kanga na makubadhi. Hizo soksi akamfunikie jogoo."

Nikatafsiri, pamoja na jogoo. Sista akacheka mpaka akatokwa na machozi, na machozi hayakuisha pale kicheko kilipoisha. Ndipo nilipojua alikuwa analia. Bi Mwanakombo alijifanya hakuona, akaendelea kumpaka poda.

Tangu siku hiyo wale wawili walikuwa marafiki. Nyinyi mnaokwenda kufanya kazi nchi za watu, maana siku hizi nanyi mnakwenda, jueni kwamba ugeni hauishi kwa kusoma vitabu. Unaisha akipatikana mtu mmoja wa kukuvua soksi.

Alijifunza mambo madogo madogo, na kila dogo lilimgharimu. Alijifunza kwamba mgonjwa haulizwi "unaumwa wapi" kabla hujamjulia hali yeye, watu wa nyumbani kwake na walioko safarini. Alijifunza kubisha hodi na kungoja. Alijifunza kupokea dafu kwa mkono wa kulia na kulinywa lote, ingawa mwanzoni alikuwa hanywi ila maji aliyoyachemsha mwenyewe, akayachuja, akayapoza mtungini, kisha akayanusa. Mwezi wa Ramadhani wa kwanza aliwapa watu vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku, akashangaa hawaponi. Wagonjwa hawakutaka kumkatalia, basi walipokea, wakashukuru, wakavitia kwenye upindo wa kanga. Ni Bi Mwanakombo aliyemwambia agawe dawa kwa futari na daku. Kitu kile sijakiona kwenye kitabu chochote cha uuguzi, lakini kilituponyea watu.

Na mkate. Sista alikuwa hawezi kuishi bila mkate. Hamira ilikuwa ya kuletwa kutoka Tanga, na ikifika imekwisha kufa kwa joto. Akala mikate migumu kama vigae mpaka Bi Mwanakombo akamletea chupa ya "maji ya kuumulia." Mkate ukafura vizuri kuliko wa kwao. Mwezi mzima akala, akamshukuru Mungu mezani, akawaandikia wenzake wa nyumbani. Mimi nilijua. Lile lilikuwa tembo la mnazi, na Sista alikuwa ameapa tangu usichana kutogusa kileo. Nilipomwambia aliutazama mkate uliokuwa mkononi, akatafuna, akameza.

"Usimwambie mchungaji," akasema.

Nacheka ninapoandika haya, lakini msidhani maisha yake yalikuwa kicheko. Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kusema naye lugha yake. Tulikuwa na jokofu la mafuta ya taa la kuhifadhia dawa za sindano, jokofu lenye hila, utambi ukikaa vibaya linatoa moshi na dawa zinaharibika. Sista alilisafisha kila siku mwenyewe, akilisemesha. Nilidhani analiapiza. Baadaye aliniambia alikuwa analisimulia habari za siku, kwa lugha ya mama yake, asije akasahau namna midomo inavyokaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika miezi yake ya mwanzo aliletwa mtoto wa kuhara, mtoto wa mwaka mmoja, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Mama yake alikuwa amechelewa siku nyingi. Siku hizo hatukuwa na maji ya kutundika pale. Tulikuwa na kijiko, chumvi, sukari na subira. Sista alimtazama yule mama usoni, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, akitaka amwelewe vizuri, "Mtoto wako atakufa. Umechelewa. Atakufa."

Kesho yake mchana mtoto akafa.

Hatukupata mgonjwa hata mmoja kutoka kijijini kwa wiki nyingi. Vibarua wa mkonge walikuja. Watu wa upande wa bahari walipita barabarani wakatazama mbele. Walisema Mzungu amemwita mauti kwa mdomo wake, naye amekuja. Sista alikaa barazani na mizani yake ya kupimia watoto, hakuna wa kumpima. Hakuelewa. "Nilisema kweli," alikuwa akiniambia. "Kwetu mtu ana haki ya kuambiwa kweli."

Aliyetuokoa alikuwa Bi Mwanakombo. Alikwenda nyumba kwa nyumba akawaambia huyu ni mgeni, hajafunzwa kusema. Kisha akaja kwetu, akatukalisha wote wawili.

"Rebeka," akaniambia, "wewe ndiye ulimi wake. Huku mtu hatajiwi kifo mchana kweupe. Unamzungushia, unampa nafasi ya kuelewa mwenyewe. Akisema neno kali, wewe lipoze kabla halijatufikia. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mwanakombo."

"Naye mwambie."

Nikamwambia. Sista aliandika kwenye daftari lake. Tangu siku ile alikuwa akisema na mimi kwa Kiingereza, nami nasema na wagonjwa. Nilikuwa fundi wa kupoza. Neno likitoka kwake lina miiba, likifika kwa mgonjwa halina. Watu wakarudi. Walimpenda. Kufikia mwaka wa pili alikuwa anaalikwa kwenye harusi, anakaa mkekani na wanawake, anajua wapi pa kupiga vigelegele. Na mimi niliona fahari, maana kazi ile niliifanya mimi.

Bi Mwanakombo alikuwa na binti yake mkubwa, Mwanaidi, ameolewa na Athumani mchoma chokaa. Athumani alikuwa na tanuri ufukweni. Alikusanya matumbawe, akayapanga juu ya magogo, akayachoma, na chokaa yake ilikwenda kujenga nyumba mpaka Pangani. Mtu mpole, mwenye kuchekacheka. Mwanaidi alikuwa na mimba yake ya kwanza iliyokaa, baada ya mbili kuharibika. Alikuwa amebakiza mwezi hivi.

Siku ya Jumamosi asubuhi alikuja na mumewe. Alisema kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli. Nilimtazama miguu, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Sista akampima presha, akapima tena mkono wa pili. Kisha tukapima mkojo. Nyinyi mna vile vijiti vya rangi. Sisi tulitia mkojo kwenye kichupa cha kioo, tukauchemsha juu ya taa ya spiriti, tukadondoshea siki. Ukibaki safi, shukuru. Wa Mwanaidi uliganda mweupe kama tui.

Nilijua maana yake. Msinisikitikie kwa kudhani sikujua. Nilijua sawasawa kama alivyojua Sista: kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni.

Sista akanigeukia, akasema kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja:

"Waambie aende hospitali Tanga leo. Leo, si kesho. Asirudi hata nyumbani kuchukua nguo. Akikaa huku anaweza kufa, yeye na mtoto. Waambie hivyo hivyo."

Niliwageukia. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye benchi, amejishika tumbo, ananitazama mdomoni. Athumani alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimfikiria yule mama wa mtoto wa kuhara. Nilifikiria baraza tupu. Nilifikiria kwamba huyu ni binti wa Bi Mwanakombo mwenyewe, na mama yake ndiye aliyenikataza. Ilikuwa mara moja tu, kufumba na kufumbua, na mdomo wangu ukafanya kazi uliyoizoea.

"Sista anasema miguu imevimba na presha imepanda," nikasema. "Ingekuwa vizuri mkipata nafasi mumpeleke Tanga, daktari amwone."

Athumani akapumua. "Alhamdulillahi. Nilidhani kuna jambo. Unajua Ijumaa hii tunamwoza mdogo wake. Harusi ikipita, Jumamosi nampeleka mwenyewe. Itafaa?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili. Mtu aliniuliza swali lililonyooka, itafaa au haitafaa. Nami nikasema, "Msichelewe sana tu. Na asifanye kazi nzito."

Nikamgeukia Sista. "Wanasema watakwenda," nikamwambia.

Alinitazama. Akamtazama Athumani. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akaufunga, akasema, "Haya," akampa Mwanaidi vidonge vya kutuliza, akamshika bega mpaka barazani.

Hawakwenda. Kwa nini waende? Niliwaambia ni jambo la nafasi, na wiki ile nafasi haikuwapo. Kulikuwa na mchele wa kupeta na nazi za kukuna.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya harusi, wanaume wanne walimleta amelala juu ya kitanda cha kamba, kitanda kimebebwa mabegani, na nyuma yao Bi Mwanakombo anakimbia bila viatu, hina ya harusi bado mbichi viganjani. Mwanaidi alikuwa ameshashikwa na kifafa mara tatu njiani na nyumbani. Mara ya nne ilimshika mikononi mwetu. Nilimwekea kijiko kilichofungwa kitambaa katikati ya meno. Sista alimchoma sindano ya kutuliza, akatuma mtu akasimamishe gari lolote barabarani. Hakuna gari lililopita. Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, msichana mdogo, amechoka, lakini alilia. Mama yake hakumsikia. Hakuamka tena, na jua lilikuwa bado juu alipokata roho.

Bi Mwanakombo ndiye aliyemfumba macho. Hakupiga ukelele. Alinigeukia mimi na Sista akasema, "Ahsanteni, wanangu. Mmehangaika. Ilikuwa siku yake." Kisha akamfunga yule mtoto kwenye kanga ya harusi, maana ndiyo aliyokuwa nayo.

Watu waliokuja kwa harusi walikaa kwa matanga. Vyakula vilikuwa vimekwisha kupikwa.

Nitawaambia jinsi nilivyoishi baada ya hapo, maana kitabuni hamtalisoma. Nilifanya kazi. Nilinoa sindano kwenye jiwe, nilichemsha mabomba yake, nilipima watoto. Mtu asingeweza kunitazama akajua. Ila nilianza kumkwepa Bi Mwanakombo, naye hakunikwepa. Kila siku alikuja na mjukuu wake achukue maziwa ya kopo, akakaa nasi, akamletea Sista chupa yake ya kuumulia mkate. Akatushukuru. Kila mara aliposhukuru niliinama nikatafuta kitu sakafuni.

Sista naye alibadilika. Alikuwa hasemi tena na jokofu. Alikonda. Alipika mkate akaugawa wote. Nilidhani ni uchovu, au kwamba amekata tamaa na watu wanaoambiwa waende hospitali wasiende. Nilimwacha adhani hivyo. Hilo nalo liko kwenye hesabu yangu.

Ilipita miezi minane hivi, muda wake wa kujitolea ukaisha. Zikiwa zimebaki siku mbili tulikuwa tunapanga vitu vyake, asubuhi, mimi nakunja mashuka, yeye anafunga vitabu. Sikuwa nimepanga kusema. Lilitoka tu.

"Sista, siku ile ya Mwanaidi, sikuwaambia ulivyosema."

Hakugeuka. "Najua," akasema. Kwa Kiswahili.

"Unajua nini?"

"Nilisikia. Ulisema 'mkipata nafasi.' Mimi sikusema mkipata nafasi. Nilisema leo."

Shuka lilinidondoka. Jamani, alikuwa ameishi nasi miaka miwili na zaidi, anakaa mkekani na wanawake. Mimi bado nilikuwa namtafsiria kama mtu aliyeshuka kwenye lori jana.

"Mbona hukunisahihisha?" nikamuuliza, na nilimuuliza kwa hasira, kama vile kosa ni lake.

Akakaa juu ya sanduku. "Mwaka wa kwanza ningepiga kelele," akasema. "Ningemshika yule bwana mkono, ningemvuta mpaka barabarani. Lakini nilikuwa nimezoea, Rebeka. Nilijiambia, Rebeka anawajua watu hawa, labda huku 'mkipata nafasi' ndiyo leo. Nilijiambia hivyo, ila sikuamini. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mgeni. Sikutaka baraza liwe tupu tena."

Tulikaa pale mpaka wagonjwa wakaanza kukohoa nje ijulikane wapo. Ndipo Sista akasema twende kwa Bi Mwanakombo na Athumani, tuwaambie. Nilimwambia haina faida, mtu amekwisha kuzikwa. Akasema anakwenda, nikitaka nisitake. Nikaenda.

Bi Mwanakombo alikuwa uani, mjukuu anatambaa mkekani. Alimwita Athumani aje kutoka tanurini, akidhani Sista amekuja kuaga. Athumani alikuja mikono imejaa chokaa mpaka viwikoni, akakaa kwenye kinu kilicholazwa.

Nilifungua mdomo, Sista akanizuia kwa mkono. Akasema mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa na makosa ya ngeli, lakini hakikuwa na mzunguko wowote. Alisema siku ile ya Jumamosi yeye alijua Mwanaidi anaweza kufa. Alisema alitaka aende Tanga siku hiyo hiyo. Alisema neno hilo halikuwafikia, mimi nililipunguza na yeye alisikia likipunguzwa akanyamaza. "Hamkukataa nyinyi," akasema. "Hamkuambiwa."

Mtoto alikuwa anapiga kifuu cha nazi chini.

Athumani akauliza jambo moja tu. "Jumamosi ile, kulikuwa na gari la kwenda Tanga?"

"Lori la mbata lilipita saa nane," nikasema.

"Naam," akasema. "Nililiona. Nilikuwa nimesimama barabarani. Nilimpungia dereva mkono, akanipungia." Akatazama viganja vyake vyeupe. Kisha akanyanyuka, akarudi tanurini, na hakutuaga.

Bi Mwanakombo alibaki. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Ni mimi niliyewafunza," akasema.

"Hapana, Bi Mwanakombo," nikaanza.

"Nyamaza. Ni mimi. Nilikaa kwenye kiti chenu nikawaambia poza." Akamvuta mtoto mapajani. "Mimi kila asubuhi nikiamka nilikuwa najiambia, ilikuwa siku yake. Nikijiambia hivyo naweza kumwogesha huyu, naweza kula. Sasa mmekuja kuniambia haikuwa siku yake. Ilikuwa Jumamosi yenye lori." Akamtazama Sista, na mimi hakunitazama. "Mmekuja kunipa haya ili nani apumue? Mimi, au nyinyi?"

Mtu mwingine angedanganya. Mimi ningedanganya.

"Sisi," Sista akasema.

"Basi mmekwisha pumua. Nendeni."

Sista Elna aliondoka baada ya siku mbili. Hakuna mtu wa kijijini aliyekuja kumsindikiza, yeye aliyekuwa akiitwa kila harusi. Nilimpeleka barabarani, tukapakia sanduku, tukashikana mikono. Hakulia. Aliniandikia barua moja kutoka kwao, akisema amerudi kazini, wodi ya wazazi, na kwamba wenzake wanamwona mkali. Nilimjibu. Haikuja nyingine.

Nyinyi ni vijana, mtataka nimalizie kwa kusema tulifanya vyema kuungama. Sijui. Nimezeeka nikiligeuza jambo hili na bado sijui. Najua tu kwamba neno lile lile, siku ya Jumamosi lingekuwa dawa, na miezi minane baadaye lilikuwa kisu, na sisi tulilitoa siku ya kisu. Mgonjwa akikaa mbele yako, mwamkie, mjulie hali, mkalishe vizuri, mshike mkono kama mila yake inaruhusu. Hayo yote ni halali na ni lazima. Kisha mwambie. Usimpe nafasi ya kuelewa mwenyewe. Mimi nilimpa Mwanaidi.

Nilibaki zahanati ile miaka mingine mingi, mpaka baada ya Uhuru. Athumani alihamia Pangani na tanuri lake. Bi Mwanakombo aliendelea na ukunga, nikipita kwake nikabisha hodi, anaitikia mtu mwingine. Lakini mwaka mmoja hivi baada ya Sista kuondoka alikuja mwanamke mmoja na mama mkwe wake, mimba ya miezi saba, miguu imevimba kidogo mno hata mimi ningeweza kuipita bila kuiona. Nikauliza nani amewaleta.

"Bi Mwanakombo ametuambia tuje leo leo," yule mama mkwe akasema. "Na amesema tukuambie usitufiche."

Nilimpima. Nikachemsha mkojo, ukaganda. Nikaweka chini kile kichupa, nikamtazama yule binti machoni, nikamwambia anaweza kufa na kwamba atapanda gari sasa hivi. Alilia sana. Mama mkwe wake alinitupia maneno ambayo siyaandiki hapa. Walipanda gari.

Alipona, yeye na mtoto. Baada yake walikuja wengine, kila mwaka wawili watatu, mapema, na ujumbe ule ule midomoni. Bi Mwanakombo mwenyewe hakukanyaga tena baraza letu mpaka alipokufa.